Karatasi Iliyoandikwa Mgongoni

Skotlandi,
Jumapili, mwezi wa kumi na moja

Mayu, mama yangu,

Mwangaluka, na shikamoo juu yake, maana najua moja haikutoshi. Magoti yanasemaje? Kabula aliniandikia kuwa siku hizi unashuka kitandani kwa awamu, mguu mmoja kwanza, unapumzika, halafu wa pili, kama lori la pamba linalotaka kusukumwa. Nilicheka. Baadaye nilipokuwa naosha vyombo nikaona si jambo la kuchekesha. Mvua je, imefika huko Ngokolo, au bado mnaangalia mawingu yakipita kwenda kwa wengine? Sukari inapatikana bila foleni? Na wale ng'ombe wetu watatu kwa mjomba Kishapu, wana majani, au wamebaki pembe na mbavu?

Mimi ni mzima wa mwili. Michembe uliyonitumia ilifika. Mtu wa forodha aliifungua, akainusa, akaniuliza ni dawa ya nini. Nikamwambia ni chakula, ni viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa. Akanitazama kwa huruma akanirudishia yote. Ninakula vipande viwili kila Jumapili, ili visiishe kabla sijazoea kuwa vitaisha.

Sasa nitasema kidogo na wewe Kabula, mtoto wa kaka yangu, kwa sababu ndiwe unayesoma. Ninajua huwa unaruka mistari. Mwaka ule nilipoandika kuwa nililazwa hospitali, Bibi yako hakuniuliza neno katika majibu, nikajua uliiruka ili asipate shinikizo la damu. Safari hii usiruke. Kaa kwenye kigoda chenye mgongo, kwa hali uliyonayo. Mwite mama yako naye akae hapo. Kama amekwenda bombani, mngojeni. Utafika mahali utatamani kuichana hii barua. Isome kwanza hadi mwisho, ndipo uichane.

Mayu, katika barua yako ya mwisho ulisema kaka Luhende anakujia usingizini. Anasimama mlangoni amelowa, haombi chakula wala moto, anauliza tu, "Nani ananiita?" Na wewe unashindwa kumjibu, kwa kuwa kweli hakuna anayemwita. Ukasema Kabula ana mimba ya kwanza na ulitaka mtoto akiwa wa kiume achukue jina la babu yake, ili marehemu apate pa kukaa. Wazee wa ukoo wakakataa tena, kama walivyokataa kwa watoto wawili waliotangulia katika ukoo. Wakasema jina la mtu aliyewaua wenzake sita kwa tamaa ya dhahabu haliwekwi juu ya kichanga. Ukaniomba mimi, kwa kuwa ndimi niliyesoma, nikupe neno la kuwaambia.

Ninalo neno hilo. Limenichukua wiki saba kuliandika, na kabla ya hapo limenichukua miaka ishirini na miwili.

Nianzie kwenye kazi yangu. Kila mara unaniuliza ninafanya kazi gani, nami nakujibu "nachora", ukadhani nakuficha. Kwa kweli nachora. Kuna kijiwe chembamba, hakizidi ukucha wa kidole chako kidogo. Kinatengenezwa kutokana na mchanga, ndiyo, mchanga ule ambao kwetu ulikuwa wa kutupwa baada ya kuoshwa. Kinaitwa chipu, nacho ndicho kinachofanya hesabu ndani ya kompyuta. Ndani yake kuna maelfu ya njia za kupitisha umeme. Hazikai zote pamoja. Zimepangwa tabaka juu ya tabaka kama ghorofa, na njia ya juu ikitaka kukutana na ya chini inachimbiwa tundu la kushukia. Siku waliponionyesha mara ya kwanza nilikaa kimya, wakadhani sijaelewa. Nilikuwa nimeelewa kuliko wote waliokuwa mle chumbani. Ulikuwa mgodi, Mayu. Mgodi mdogo kuliko punje ya mtama.

Ndiyo sababu waliniajiri. Niliwaambia kuwa ujanani nilichora ramani za mgodi huko upande wa Geita, kila ghorofa ya chini kwenye karatasi yake, halafu tunazipandanisha juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake. Wakatazamana. Hata wao walikuwa wakichora hivyo hivyo, kila tabaka na karatasi yake na rangi yake. Na kabla chipu haijatengenezwa, ramani yake inachapwa kubwa kama sakafu ya sebule, nasi tunavua viatu na kutembea juu yake kwa soksi, tumeinama, penseli mkononi, tunatafuta makosa. Ungetuona ungedhani tumeangusha sindano. Wenzangu hawa ni wasomi wakubwa, lakini soksi zao zina matundu.

Kwa miaka mingi nilitembea juu ya ramani hizo na mara nyingine nilisikia soksi zangu zimelowa. Nainua mguu, natazama: kavu. Sikumwambia mtu.

Mwaka huu imeletwa mashine mpya. Ina kioo kama cha televisheni na chini yake vitufe vya kuzungusha, kama vile vya redio ya marehemu baba. Unaipa vipimo vya kila tabaka, nayo inayainua yote na kuyaweka hewani, moja juu ya jingine, yenye urefu, upana na kina. Kitufe kimoja kinaigeuza chipu nzima. Kingine kinakusogeza karibu. Kingine kinakuingiza ndani, unapita katikati ya njia, unatazama juu unaona zilizo juu yako, unatazama chini unaona tundu linavyoshuka. Kitu ambacho maisha yangu yote nilikiona kikiwa kimelala, sasa nilikiona kimesimama.

Wiki ya kwanza tu mashine ikaumbua kosa. Tulikuwa na chipu iliyokataa kufanya kazi. Tuliitembelea kwa soksi siku nane, hatukuona kitu. Mzee wa ofisi yetu anaitwa Fergus, mtoto wa mchimba makaa ya mawe, mtu wa mikono mikubwa kiasi kwamba penseli inapotelea humo. Yeye akaiweka kwenye mashine, akaizungusha, akaitazama kwa chini. Tundu moja lilikuwa linashuka, linashuka, halafu halikuti njia yoyote. Njia iliyotakiwa kuwapo ilikuwa upande wa pili kabisa.

"Tabaka hili limegeuzwa," akasema. "Mtu aliliangalia mgongoni akadhani ni usoni. Amelivaa nje ndani, kama soksi."

Wote wakacheka, kicheko cha watu waliotua mzigo. Mimi nilikwenda msalani nikashika sinki kwa mikono miwili. Kwa sababu, Mayu, nilikuwa naijua karatasi nyingine iliyogeuzwa hivyo.

Nikurudishe sasa kule mgodini, nyuma ya vilima, tulipokuwa tunakaa kwenye zile nyumba za safu. Baba alikwisha tangulia, Luhende ndiye aliyekuwa baba wa nyumba. Yeye ndiye aliyenisomesha, na alikuwa nyapara wa wachimbaji sita katika ghorofa ya tatu, ya chini kabisa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na vidole safi, karani katika ofisi ya ramani chini ya yule Mzungu mpima. Luhende alipenda kuwaambia watu, "Mdogo wangu anaijua chini bila kushuka."

Katika ghorofa ya pili kulikuwa na njia ya zamani, iliyochimbwa na watu waliotutangulia, ikaachwa, ikajaa maji. Ramani yake ilikuwa kuukuu na mchwa wamekwisha kula kingo. Nikaambiwa niinakili kwenye karatasi ya kufuatishia, ile nyororo, ambayo mstari uliochorwa usoni unauona vilevile kutokea mgongoni. Desturi ya ofisi ilikuwa hivi: leo unachora mistari kwa wino na kuiacha ikauke, kesho unaandika majina na mshale wa kaskazini. Na mimi, kwa hofu kwamba ile kuukuu ingechanika kabla sijamaliza, nilinakili vipimo vyake vyote kwenye kidaftari changu cha mfukoni.

Siku niliyochora mistari ilinyesha mvua ya kwanza. Ilipokatika saa kumi, kumbikumbi walitoka ardhini wakajaa ofisi nzima. Wakaanza kuangukia wino uliokuwa haujakauka vizuri na kuuburuza kwa mabawa. Nikaichukua karatasi, nikaining'iniza kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, na uso wake nikaugeuzia ukutani ili wasiuguse. Luhende akapita akitoka kazini, akanikuta nawafukuza kwa ufagio.

"Wewe unafukuza mboga?" akasema. Akavua kofia yake ya chuma, tukawakusanya humo hadi ikajaa, tukakuletea.

Uliwakaanga kwa chumvi. Ulisema wa mwaka ule walikuwa wanene. Luhende alikula akilamba vidole, na Kabula aliyekuwa anatambaa akamdokolea kwenye sahani. Hiyo ndiyo jioni ninayoikumbuka kuliko zote, na nisingependa kuikumbuka.

Asubuhi nilifika ofisini, nikaitoa karatasi kwenye kamba kama ilivyokuwa inanitazama, nikailaza mezani, nikaandika majina, nikaweka mshale. Niliandika mgongoni. Mistari ilikuwa upande mmoja, maneno upande mwingine. Kwa kuwa shimo kuu la kushukia lilikuwa katikati kabisa ya karatasi, lilikaa palepale linapotakiwa, na hakuna aliyeona ajabu. Ila kilichokuwa mashariki sasa kilisomeka magharibi. Yule mpima alikuwa anaharakia likizo, akatia sahihi akiwa amesimama.

Miezi miwili baadaye ikatoka amri kwamba ghorofa ya tatu isukume njia kwenda mashariki. Luhende na watu wake wakachimba. Siku ile, asubuhi, kabla ya kushuka, akapita ofisini kwangu. Hakuwa amewahi kufanya hivyo.

"Nkwabi," akasema, "lile jiwe la mbele linatoka jasho."

"Jasho gani?"

"Jasho. Ukiweka kiganja kinarudi kimelowa. Na juu kuna kitu kinagonga, polepole. Yale maji ya zamani yako wapi?"

Nikawasha taa ya meza. Nikazipandanisha karatasi, ya pili juu ya ya tatu, shimo juu ya shimo. Nikamwonyesha kwa kidole. "Yako magharibi, kaka. Wewe unakwenda mashariki. Umeyapa mgongo."

Akainama akatazama muda mrefu. Kusoma hakujua, lakini mwandiko wangu aliujua.

"Hii kaichora nani?"

"Mimi."

"Basi," akasema, akavaa kofia yake. "Kama ni wewe, basi."

Mayu, hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Sijapata kumwambia mtu yeyote, wala padri, wala mwanamke niliyekaribia kumuoa huku. King'ora kililia kabla ya saa sita mchana. Wale sita walipatikana siku zilizofuata, mmoja mmoja, na unajua tulivyowapokea. Luhende hakupatikana. Yeye ndiye aliyekuwa mbele kabisa. Wakaziba kwa saruji, na maji yake yakabaki naye humo.

Sasa sikiliza jambo baya zaidi, na wewe Kabula soma kwa sauti ileile.

Kilipokaa kikao cha kuuliza sababu, wakubwa walisema nyapara aliacha mstari wa amri, akapinda njia kufuata mshipa wa dhahabu. Marehemu hana wa kumsemea. Wakaniita mimi, kwa kuwa ramani ilikuwa ya mkono wangu. Asubuhi hiyo, kabla ya kuitwa, nilikuwa nimeitoa ile karatasi na kupitisha ukucha juu yake. Wino ukikauka huacha uvimbe mdogo, ukucha unausikia. Nilipitisha kwenye maneno, nikausikia. Nikapitisha kwenye mistari, palikuwa laini. Nikaigeuza karatasi. Mistari ilikuwa huko.

Wakaniuliza, "Ramani ni sahihi?"

Nikasema, "Ni sahihi."

Niliogopa. Sina maneno mazuri zaidi ya hayo. Niliogopa zile nyumba sita za wafiwa, niliogopa jela, niliogopa macho yako. Nikajiambia Luhende amekwisha kufa, hatadhurika tena. Sikujua kwamba mtu aliyekufa anaweza kuendelea kudhurika. Karatasi ilichukuliwa, sikuiona tena. Kabla mwaka haujaisha nikaitwa nikaambiwa nimependekezwa kwenda kusoma uchoraji Ulaya. Sikuomba. Ila nilipokea, nikakushika mkono kwenye stesheni ya Shinyanga, ukanifungia karanga kwenye kitambaa, na treni ikaondoka.

Tangu hapo nilijidanganya. Nilijiambia siku ile nilikuwa na homa, nilikuwa nalia, ukucha ulikosea, pengine Luhende kweli alipinda njia. Mtu akitaka kujidanganya hakosi shahidi. Na huko nyumbani nikawa naletewa habari: Mama Kabula akifika bombani, wanawake wa zile nyumba wanachukua ndoo zao na kuondoka. Mama Kabula hasalimiwi msibani. Mimi nikawa natuma vitenge.

Lakini kile kidaftari sikukitupa. Kimekaa chini ya sanduku miaka yote hii. Baada ya ile siku ya soksi nilikitoa. Nikamwomba Fergus ruhusa ya kuitumia mashine saa ya chakula cha mchana, wenzangu wanapokwenda kula, nikamwambia nina jambo langu la kujifunza. Hakuuliza. Siku baada ya siku nikaingiza mgodi wetu humo badala ya chipu: shimo kuu, ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Njia ya maji nikaipa rangi ya kijani. Njia ya Luhende, ambayo vipimo vyake vya kila wiki vilipitia mezani kwangu nami nikavinakili humo humo kidaftarini, nikaipa nyekundu, na mwisho wake, pale alipofikia siku ile, nikaweka nukta.

Kwanza niliiweka njia ya kijani kama nilivyoiandika mimi kwenye ile karatasi. Nikazungusha. Maji yalikuwa mbali, upande wa pili wa shimo. Mtu angelala usingizi. Kisha nikaiweka kama vipimo vya kidaftari vinavyosema. Nikazungusha polepole, nikaingia kwa chini, nikasimama pale aliposimama yeye, nikatazama juu. Ile njia ya kijani ilikuwa juu ya kichwa chake, Mayu. Kati yao palikuwa pembamba kuliko ukuta wa nyumba yetu. Na njia nyekundu nilipoipima na mstari wa amri, ambao nao umo katika kidaftari, ilikuwa imenyooka. Hakupinda hata hatua moja. Hakufuata dhahabu yoyote. Alikwenda pale alipotumwa, akiniamini mimi.

Fergus alikuwa amerudi mapema, amesimama nyuma yangu na mkate wake.

"Hii si chipu," akasema.

"Si chipu."

"Ni mgodi. Makaa?"

"Dhahabu."

Akavuta kiti, akashika vitufe, akaugeuza taratibu. Mtoto wa mchimbaji hahitaji kuelezwa. "Ile nukta nyekundu ni nini?"

"Kaka yangu."

"Na kile cha juu yake?"

"Maji."

Kisha akauliza swali lilelile, kana kwamba Luhende amemtuma. "Nani aliichora?"

"Mimi."

Hakuniambia pole. Aliuweka mkate mezani, akaniuliza kama mama yangu yu hai. Nikasema yu hai. Akauliza, "Anajua?"

Ndiyo maana nimeandika.

Tangu siku hiyo nikiizima mashine ile nukta inabaki machoni mwangu. Natembea nayo barabarani, naiona kwenye sahani. Bomba la jikoni kwangu linadondosha maji. Nimelifunga tambara lakini bado nalisikia likigonga, polepole. Silalamiki. Wewe amekusimamia mlangoni miaka yote hii, na mimi niliyepaswa kumfungulia nilikuwa nimejificha huku.

Ndani ya bahasha kuna karatasi mbili ndogo za kufuatishia. Moja ina njia ya kijani na maneno juu yake, kama nilivyoyaandika zamani. Nyingine ina njia nyekundu na nukta. Zote zina duara katikati, ndilo shimo kuu. Waite wazee wa ukoo. Waite na watu wa zile nyumba sita, wa hapo Ngokolo, wa Kishapu na hao waliohamia kwenye tumbaku Ushetu, kila nyumba hata mtu mmoja. Kabula apandanishe karatasi hizo, duara juu ya duara, azishike juani wote waone. Maji yatakuwa mbali na nukta. Halafu aigeuze ile ya kijani, mgongo uwe uso, duara libaki juu ya duara, azishike tena juani. Mtaona maji yanavyokuja kukaa juu yake. Wazee hawatahitaji kujua kusoma.

Kisha uwaambie ni nani aliyegeuza. Nakujua, Mayu, utataka kunifunika. Utasema ni Wazungu, utasema ni kumbikumbi, utasema ni mapenzi ya Mungu. Usinifunike. Ukinifunika mimi, Luhende anabaki uchi. Ile ya kwanza ilikuwa bahati mbaya, ya pili, ile ya kusema "ni sahihi", ilikuwa mimi. Wakitaka nije nikae mbele yao, nitakuja, hata wakitaka nisirudi huku tena. Likizo nimekwisha iomba.

Mama Kabula, shemeji yangu, wewe sikuandikii salamu. Sina haki nayo. Umetengwa bombani miaka ishirini na miwili kwa kosa la mkono wangu, na kila mara nilipoandika ulikuwa unaniombea afya. Kama umesimama na kutoka nje kabla ya mstari huu, umefanya vyema. Na wewe Kabula, uliyenisomea barua zangu tangu darasa la tatu, hujamjua baba yako isipokuwa kwa maneno ya watu. Alikuwa mtu aliyeondoka nyumbani kwake akiwa na shaka na jiwe, akarudi kazini kwa sababu alimwamini mdogo wake. Huyo ndiye baba yako.

Msalimie mjomba wa Kishapu, mwambie asiuze ng'ombe mwekundu. Msalimie mkwe wetu, mume wa Kabula, mwambie mkewe asibebe ndoo. Msalimie jirani yako yule mshona viatu anayekuletea maji ukiugua. Wale wa zile nyumba sita wasipewe salamu zangu mpaka wamekwisha kusikia, halafu waamue wenyewe kama watazipokea.

Mtoto akiwa wa kiume, wasimnyime jina. Akiwa wa kike, jina litajwe hadharani siku hiyo na kumngojea mdogo wake. Kama kuna jina katika ukoo huu ambalo halistahili kuwekwa juu ya kichanga, ni Nkwabi. Hilo walifunge, sitalalamika.

Mayu, usinijibu kwa haraka, na usijilazimishe kutafuta maneno. Ukiona mimi bado ni mwanao, mwambie Kabula achukue karatasi, aandike jina la mtoto peke yake, aitie kwenye bahasha. Nitaelewa yote. Na usiku huo akikusimamia mlangoni na kuuliza nani anamwita, utakuwa na la kumjibu.

Ni mimi,
Nkwabi, mdogo wake Luhende